Siku moja maishani mwangu: kubadilisha bomba la oksijeni wagonjwa wakiwa vitandani

Saa 11 alfajiri naondoka Gongo la Mboto na daladala ya kwanza. Mtaani wananiita fundi bomba, na wengi wanaamini nazibua vyoo. Kazi yangu ni kupanga ukarabati wa mifumo ya hospitali: maji, mvuke, gesi za tiba, hewa ya vyumba vya upasuaji. Sharti ni moja tu, hospitali haifungwi hata saa moja.

Saa 1 asubuhi nasoma geji za oksijeni. Presha imesimama kwenye bar 4, kama inavyotakiwa. Usiku huu nitafunga valvu ya wodi ya wazazi ili tukate kipande cha bomba kinachovuja.

Saa 2 napita vitandani na sista wa zamu. Wanaotumia oksijeni ni tisa. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anamaliza lita 600 kwa saa, kwa hiyo mmoja unamtosha saa 11. Mimi nimeomba saa tatu tu, na bado kila kitanda nakiwekea mitungi miwili. Siamini mtungi ambao sijaufungua mwenyewe.

Saa 4 kikao, sahihi sita kwenye kibali kimoja.

Mabomba ya shaba yalikuwa yafike saa 5. Yamefika saa 8, ncha zote wazi. Bomba la oksijeni huletwa limesafishwa mafuta na kuzibwa vifuniko pande zote mbili. Nikapitisha kitambaa cheupe ndani ya moja, kikatoka cheusi, kinateleza.

"Kaka, bomba ni bomba," dereva akasema. "Pokea, nina safari nyingine."

"Mdogo wangu, lingekuwa la maji ningelipokea. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye presha yanaweza kuwaka bila kiberiti."

Akampigia bosi wake. Bosi akanipigia mimi, akaniambia nachelewesha kazi ya serikali. Akampigia mkuu wangu. Mkuu akashuka hadi getini, jasho linamtoka, akauliza kama hatuwezi kuyaosha wenyewe. Nikampa kile kitambaa akishike. Akakinusa, akanirudishia, akamwambia dereva ageuze gari. Saa nzima na zaidi imeteketea pale juani, na sijala. Lakini mwisho wa bomba lile ni pua ya kichanga. Hapo sina mjadala na mtu.

Mabomba sahihi yamefika giza limeshaingia.

Saa 4 usiku vijana wako tayari, mkono wangu uko kwenye valvu. Simu ikaita. "Fundi, subiri! Kuna mama anaingizwa upasuaji, mtoto anaweza kuhitaji hewa." Tukasubiri. Tumekaa sakafuni kwenye korido, migongo ukutani, hakuna anayezungumza. Sijaangalia saa tena. Nilichosikia ni kilio cha mtoto, kisha sista akatokea mlangoni: "Sasa unaweza, Fundi."

Tumehamisha wagonjwa kwenye mitungi, kitanda kwa kitanda, sista akitazama kifua cha kila mmoja. Ndipo nikafunga. Vijana wakakata na kuchomelea, naitrojeni ikipita ndani ya bomba ili masizi yasijijenge. Povu la sabuni kwenye kila kiungo, macho hadi yakauma. Hakuna kiungo kilichovuja.

Usingizi unakudanganya hapa kwamba kazi imekwisha, na hapa ndipo nakuwa mkali zaidi. Naitrojeni ikibaki ndani, mgonjwa atavuta hewa isiyo na uhai na geji itaonyesha kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo nafungua kila tundu la ukutani, nalipuliza, nalipima kwa mashine kuhakikisha kinachotoka ni oksijeni. Yako 14. Nimeyapima yote mwenyewe.

Adhana ya alfajiri ilikuwa imeanza sista alipochomeka mrija wa kitanda cha mwisho ukutani. Kigololi cha kipimo kikatikisika, kikapanda hadi lita 2 kwa dakika, kikatulia.