Nilivyotunza Saint-Julien ya 2005 mpaka ukakasi ukaisha

Mwaka 2009 nilinunua chupa tatu za mvinyo mwekundu wa Château Léoville Barton, kutoka Saint-Julien, kijiji cha eneo la Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mavuno ya 2005. Nilikuwa nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmoja hapa Paris, na kila chupa ilizidi mshahara wangu wa siku. Mpishi mmoja mzee, mzaliwa wa Bordeaux, ndiye aliyenishawishi. Alisema mwaka ule kwao jua liliwaka, mvua ikawa haba, zabibu zikaiva vizuri mno. Akaongeza kwamba mvinyo wa namna hiyo unataka subira. Hilo la subira sikulipa uzito.

Mwaka 2011 kaka yangu mkubwa alikuja kunitembelea kutoka Moshi, nikafungua chupa ya kwanza. Rangi ilikuwa nzito kama maji ya zambarau. Harufu ilijificha. Mdomoni ukakasi mtupu: ulimi ukakauka, fizi zikakaza kama umetafuna ndizi mbichi. Waliokulia Uchagani wanaujua msesewe, lile gome linalotiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, kuipa uchungu. Kaka aliweka glasi mezani akasema, "Mdogo wangu, hata msesewe una huruma kuliko huu."

Kesho yake nilimwuliza yule mzee kama nimeuziwa kitu kibovu. Akanikalisha chini. Ukakasi ule ni tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi kidogo kwenye mapipa ya mwaloni. Saint-Julien iko Médoc, sehemu ya Bordeaux, kwenye ardhi ya kokoto kando ya mlango wa mto Gironde, na zabibu inayotawala huko ni Cabernet Sauvignon, yenye punje ndogo na ganda nene. Ndiyo maana mvinyo wake mchanga hukaza mdomo. Miaka inavyopita, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa nzito, zinazama chini ya chupa. Kile unachokiona kama mashapo ndicho kilichokuwa kinakukwaruza ulimi. Nilipenda sana maelezo hayo, na mpaka leo nikiona mashapo nafurahi.

Shamba lenyewe la Léoville Barton lina historia ndefu. Familia ya Barton, yenye asili ya Ireland, inalimiliki tangu 1826, na kwenye orodha ya madaraja ya mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855 liliwekwa daraja la pili. Halina hata kasri lake. Mvinyo umekuwa ukitengenezwa kwa jirani, Langoa, ambako ni kwao pia.

Nikabaki na chupa mbili na swali la mahali pa kuziweka. Jiko langu lilikuwa na joto la kupikia, mwanga, na friji inayotetemeka mchana na usiku. Mwaka 2013 nikahamia jengo la zamani ambalo kila mpangaji ana kijistoo chini ya ardhi. Wengi huweka baiskeli na masanduku. Mimi nilianza kwa kuning'iniza kipimajoto na kukisoma kila wiki kwa mwaka mzima. Majira ya baridi kilisoma nyuzi 12, kiangazi 17, na kilipanda polepole sana. Hilo la polepole ndilo muhimu. Mvinyo ukipata joto hutanuka, ukipoa hunywea, na mchezo huo ukirudiwa kila siku kizibo kinalegea na hewa inaingia. Kwenye ukuta mmoja lilipita bomba la maji ya moto, kwa hiyo rafu niliiweka ukuta wa pili. Chupa nilizilaza ili kizibo kibaki na unyevu kisikauke. Lebo nilizizungushia plastiki nyembamba ya jikoni, maana unyevu unaofaa kizibo huozesha karatasi. Makopo ya rangi na vitunguu nilivihamisha, kwa sababu ya harufu.

Chupa ya pili niliipoteza, na inaniuma bado. Juni 2019 niliipandisha juu kwa ajili ya sherehe ya nyumbani, sherehe ikaahirishwa, chupa ikabaki kwenye rafu ya jikoni. Tarehe 25 Julai joto la Paris lilifika nyuzi 42.6. Niliporudi kutoka kazini usiku nilikuta kizibo kimesukumwa juu kidogo, na chini ya foili kuna utepe wa mvinyo unaonata. Tulipoufungua ulinukia jamu iliyochemshwa kupita kiasi. Usiku uleule nilishuka stoo na tochi: kipimajoto kilisoma 18. Chupa ya tatu ilikuwa imelala palepale, baridi mkononi.

Hiyo ya tatu niliifungua Oktoba 2024, kaka aliporudi. Siku mbili kabla niliisimamisha wima ili mashapo yashuke. Kizibo cha miaka mingi hukatika ovyo, kwa hiyo sikutumia kizibuo cha kuzungusha. Nilitumia kile chenye ndimi mbili za chuma, unazipenyeza pembeni na kuvuta taratibu. Kikatoka kizima, nusu yake imeloa wekundu. Nikawasha tochi ya simu chini ya shingo ya chupa na kumimina kwenye jagi la kioo kwa mkono mmoja usiotikisika. Mwanga ulipita safi, safi, kisha ukaja uzi mweusi kama moshi ukielekea shingoni. Hapo nikaacha. Kilichobaki chini hakikujaza kikombe cha kahawa.

Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, ukingo ulikuwa na rangi ya tofali. Harufu ilitangulia kuwa ya ribena, nyuma yake penseli iliyochongwa sasa hivi, kisha tumbaku kavu na ngozi. Mdomoni ukali wa kutosha kukusisimua, na tanini ilikuwepo bado, ila laini kama vumbi la kakao. Mke wangu alikuwa ameoka paja la mwanakondoo na kitunguu saumu. Kaka alikunywa, akanyamaza, akanywa tena. "Ule wa ndizi mbichi uko wapi?" Nikamwonyesha mashapo kwenye chupa.

Tuliufuatilia kwa saa mbili. Saa ya kwanza uliendelea kufunguka, ya pili harufu ya matunda ikaanza kupungua, hivyo mvinyo mkongwe usiuache kwenye jagi mchana kutwa kama watu wanavyofanya na mvinyo mchanga.

Kwenye rafu ileile sasa nina chupa sita za Saint-Julien ya 2016. Kipimajoto kiko palepale, na juu ya boksi nimeandika kwa wino mzito: zisiguswe kabla ya 2032.