Mnyauko wa nyanya nyuma ya nyumba: nilivyoutambua na ninavyouzuia hapa Tanga

Mnyanya ukinyauka majani yakiwa bado ya kijani, weka chini bomba la dawa. Kwa misimu miwili nilipulizia dawa ya ukungu kila wiki kwenye kibustani changu cha Pongwe, na minyanya ikazidi kulala mmoja baada ya mwingine. Dawa haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyetibu ugonjwa ambao haukuwapo.

Anza na yaliyo mepesi. Chomeka kidole ardhini mpaka kiungo cha pili: pakavu, ni kiu, na jioni ukimwagilia mmea utasimama. Pakiwa tope na pananuka, mizizi imekosa hewa. Shina likiwa limekatwa usawa wa ardhi, ni sota, yule kiwavi mkata mashina; fukua kidogo utamkuta amejikunja hapo hapo. Hayo yote yasipokuwapo, ndipo ushuku mnyauko wenyewe, nao huku kwetu ni wa aina mbili.

Mnyauko fusari unatokana na ukungu wa kwenye udongo. Hauna haraka. Majani ya chini hugeuka manjano kwanza, mara nyingi upande mmoja wa mmea, hata jani moja linaweza kuwa nusu manjano nusu kijani. Ukipasua shina kwa urefu utaona mstari wa kahawia chini ya ganda, unapanda juu. Hupenda udongo wa kichanga wenye uchachu (tindikali).

Mnyauko bakteria hauna subira. Mchana majani ya juu yanalegea, jioni yanainuka, na mchezo huo hudumu siku moja au mbili. Kisha mmea unalala moja kwa moja ukiwa kijani. Wakati mwingine shina la chini linaota vijimizizi vidogo. Udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 35 na unyevu mwingi ndio makao yake, kwa hiyo masika ya Tanga humfaa sana bakteria huyu.

Kinachomaliza ubishi ni glasi ya maji. Kata kipande cha shina cha sentimita 5 hadi 7 karibu na ardhi, mmea ukiwa umenyauka lakini haujakauka. Kioshe. Kibane juu kwa kibanio cha nguo, ulaze kibanio kwenye mdomo wa glasi angavu yenye maji safi, ncha ya chini izame kidogo tu. Usitikise glasi, na weka kitu cheusi nyuma yake. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama moshi wa udi, ila huu unashuka badala ya kupanda. Huo ni ute uliojaa bakteria, na ndio ulioziba mishipa ya maji ya mmea. Ikipita robo saa maji yakabaki maangavu bila nyuzi, rudi kwenye fusari.

Ukiona nyuzi hizo, mmea huo hauponi. Bakteria wamo ndani ya mishipa, nawe unapulizia majani. Ninaung'oa pamoja na udongo wa mizizi, natia kwenye mfuko, na siupeleki kwenye shimo la mboji. Jembe na mkasi naviosha mpaka udongo wote utoke, kisha naviloweka kwenye jiki iliyochanganywa kipimo 1 kwa 9 vya maji. Maji ya kumwagilia hayapiti tena kutoka shimo lile kwenda kwa minyanya ya jirani.

Kwa fusari, njia ni rahisi zaidi: mbegu inayohimili. Soma pakiti, herufi F ni fusari, V ni vetisili (ukungu mwingine wa mnyauko), N ni minyoo fundo, ile inayotia mizizi vifundo. Tengeru 97 na Tanya ni mbegu za hapa nchini zenye uhimilivu wa fusari. Pia niliacha mbolea ya SA (salfeti ya amonia) kwa sababu inaongeza uchachu, natumia mbolea ya CAN. Chokaa, inayopunguza uchachu, simwagi kwa kukisia. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kule Muheza, wanapima udongo.

Bakteria ndiye mwenye kazi. Wanasema zungusha mazao, panda mahindi miaka 3, usirudishe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, na ng'oa mnavu. Ni kweli, lakini mwenye matuta manne nyuma ya jiko atazungushia wapi? Mimi nina njia mbili.

Ya kwanza ni ndoo za lita 20 zenye matundu chini, zikae juu ya matofali. Udongo wake naupika kwa mvuke: nusu pipa, maji kidogo chini, wavu, juu yake udongo wenye unyevu uliofunikwa gunia. Nafukia kiazi mviringo katikati. Kiazi kikiiva, udongo umeiva.

Ya pili ni kubebesha, yaani kuunganisha kichwa cha mche wa nyanya kwenye shina la mche wa bilinganya: chini bilinganya, juu nyanya. Si kila bilinganya inafaa, hivyo nilipanda bilinganya kwenye tuta lililougua na kuchukua mbegu za ile iliyosimama. Bilinganya hukua taratibu, nasia siku 5 hadi 7 kabla ya nyanya. Mashina yakifika unene wa milimita 2, nayakata yote kwa mshazari mmoja kwa wembe mpya na kuyashika kwa kipande cha sentimita 1 cha mpira wa valvu ya baiskeli uliopasuliwa ubavuni. Miche inakaa chini ya nailoni, kivulini: siku 3 gizani, kisha nafungua kidogo kidogo hadi siku ya 7. Inayokufa hapa mara nyingi imekauka, kwa hiyo kuta za ndani za nailoni lazima ziwe na matone muda wote.

Wiki ya pili naipandikiza, nikipalilia mbali na shina, maana kidonda cha mzizi ni mlango wa bakteria, uwe umefunguliwa na minyoo fundo au na jembe langu. Natandaza nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo. Msimu uliopita, kati ya miche 24 iliyobebeshwa, 2 ilinyauka. Nilipofukua nikakuta yote miwili niliifukia kupita maungio, nyanya ya juu ikatoa mizizi yake yenyewe kwenye udongo ule ule. Sasa naacha maungio vidole vitatu juu ya ardhi, na matandazo hayaligusi shina.