Je, mbegu hufa kweli?

Katika Yohana 12:24 Yesu anasema kwamba chembe ya ngano isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake, bali ikifa hutoa mazao mengi. Mwanafunzi wa biolojia anayesoma hapo ana haki ya kuuliza: chembe ya ngano inayoota imekufa? Swali hili hujibiwa vizuri kwa maharage.

Chukua maharage 20 ya msimu huu. Chemsha 10 kwa dakika 10, yaache yapoe, kisha loweka yote kwa saa 12 katika vyombo viwili. Yapange kati ya ukuta wa glasi na tishu iliyolowa, kila kundi na glasi yake, maji yabaki kidogo tu chini. Ukiyazamisha yataoza, kwa sababu kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, kinahitaji oksijeni na maji yaliyotuama hayana ya kutosha. Mwanga bado hauhitajiki.

Baada ya siku chache mzizi hutangulia kutokeza, na utaelekea chini hata ukiigeuza mbegu. Yale yaliyochemshwa nayo huvimba, maana maji huingia hata kwenye mbegu iliyokufa, lakini hayaoti kamwe: joto limeharibu vimeng'enya vya kuvunja wanga. Wengi hukosea hapo, wakidhani kuvimba ni dalili ya uhai.

Kwa hiyo kibiolojia, mbegu inayoota ilikuwa hai muda wote, ikipumua polepole. Yesu alikuwa akisema juu ya kifo chake mwenyewe, kwa mfano ambao mkulima yeyote angeuelewa, na sioni mgongano wowote. Tena tazama zile nusu mbili za harage: husinyaa na kudondoka, akiba yake yote ikiwa imehamia kwenye mche. Zikate mapema, mche unapochomoza tu, nao utadumaa.