Siku yangu ya kubandua stika

Saa 1 asubuhi. Gari la kwanza limeshafika: gari dogo la mizigo, la bluu, lenye jina la biashara ubavuni na namba ya simu kwenye milango ya nyuma. Limeuzwa, na mwenyewe mpya anataka jina la mwenzake liondoke leo.

Sigusi kifaa bado. Nalizunguka nikipitisha kiganja juu ya herufi. Vinaili, yaani plastiki ya stika, ikiwa nzuri, ile nyembamba ya mikroni 50 hivi (sehemu ya ishirini ya milimita), hukaa juani miaka na bado ikatoka nzima. Hii ni ile nene ya bei nafuu. Vilainishi vyake, kemikali zinazoifanya iwe laini, vimekwisha, imesinyaa, kingo zimejikunja na katikati imepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Najua itatoka vipande vipande.

Kisha swali ninalomuuliza kila mteja: "Bosi, hili limewahi kupigwa rangi upya?" Rangi ya kiwandani huokwa kwa joto kali na kushika bati barabara. Rangi ya kurudia mara nyingine hushika kidogo kuliko gundi ya stika. Mwaka wangu wa kwanza nilivuta herufi moja mlangoni, ikaja na rangi yake mpaka praima, rangi ya msingi ya chini, ikaonekana. Nililipia mlango ule, na tangu hapo siinui kona kabla sijajibiwa.

Saa 2. Nawasha mashine ya hewa moto. Naishika umbali wa shibiri moja, mkono hautulii mahali pamoja. Kipimo changu ni kiganja: bati likifika joto la kutovumilika kwa kiganja, karibu nyuzi 60, linatosha. Ukizidisha, vinaili huvutika kama ubani uliotafunwa na gundi yote hubaki kwenye bati. Moto wa gesi siutaki kabisa karibu na kazi hii. Vinaili ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini, na ikiungua hutoa moshi wenye tindikali unaoumiza mapafu.

Nainua kona kwa ukucha, si kwa chuma. Halafu nailaza stika irudi juu ya mgongo wake na kuivuta hivyo, karibu kabisa na bati, polepole. Ukivuta kuja kifuani inakatika. Ikikubali hutoa mlio mwembamba usiokatika, na mimi hufanya kazi kwa kuusikiliza mlio huo. Ukikatika tu, nasimama, naongeza joto, naanza tena. Herufi ya kwanza imenichukua dakika kumi na mbili. Sina haraka nayo.

Saa 4. Ubavu umekwisha, lakini namba ya simu inatoka punje punje, kila tarakimu vipande ishirini. Hapa naweka gurudumu la raba kwenye drili. Linakula stika na gundi pamoja, ila drili iende mwendo mdogo na gurudumu litembee muda wote. Likisimama sekunde chache tu, rangi inaungua, na alama ile hakuna polishi ya kuiondoa.

Saa 6. Gundi iliyobaki. Najaribu kwanza dawa ya kuyeyushia gundi mahali pasipoonekana, ndani ya fremu ya mlango. Rangi haikuguswa. Napaka, nafunika kwa nailoni isikauke, nasubiri dakika kumi, kisha nakwangua kwa kipande cha plastiki. Wengi hukosea kwa kuanza kusugua mara moja. Iache dawa ifanye kazi yake.

Saa 8. Kazi ya pili: mlango wa kioo, maandishi ya saa za kufungua. Kazi nyepesi: maji ya sabuni, wembe mpya, nasukuma mbele tu. Ukiurudisha nyuma, mchanga ulionaswa chini yake unachora kioo. Kilichonizuia ni kibao cha polikaboneti, plastiki ngumu, kando yake, nacho kina stika. Mwenye mlango alishaleta thina. "Hapana mama, hiyo itakipasua." Thina hufifisha plastiki ile na kuitia nyufa. Tumetumia maji ya moto, vidole na spiriti kidogo.

Saa 10. Narudi kwenye gari, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Bati ni safi, hakuna hata tone la gundi, lakini jua limeshuka na jina linasomeka. Huo ni kivuli: rangi ya pembeni imepauka miaka yote, iliyokuwa chini ya herufi imebaki na bluu yake ya kwanza. Natia polishi, mara tatu, nne. Namba ya simu inapotea. Jina linafifia lakini haliishi, na kusugua zaidi ni kumaliza tabaka la juu linalolinda rangi. Naacha.

Mwenye gari anakuja, namsimamisha pembeni ambapo mwanga unalionyesha vizuri. Sitaki akaligundue kesho peke yake. Anapitisha kidole juu ya herufi asizozihisi, anauliza kama stika mpya itashika hapo. Itashika, na kama ni pana kuliko ile ya zamani itafunika jina lote. Namuomba anipe dakika tano, napangusa ubavu wote tena kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya polishi yakibaki, herufi zake mpya zitainuka kingo mapema.