Nywele kwanza, mashine baadaye: EEG kwenye kichwa cha kipilipili

EEG, yaani kipimo cha umeme wa ubongo, ikitoka chafu, lawama zote huangukia mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni kama maikrovolti 10 hadi 100 tu (maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti). Betri ya saa ya ukutani ina volti 1.5, yaani mara 15,000 ya hizo 100. Kitu kidogo kiasi hicho hakivumilii mafuta ya nazi, wala jasho, wala rasta iliyoinyanyua elektrodi (kile kikombe kidogo chenye waya kinachobandikwa kichwani) ikaning'inia hewani.

Kwa hiyo kipimo huanza siku ya kupangiwa tarehe, siyo asubuhi ya kipimo. Mgonjwa aelezwe wazi: usiku wa kuamkia kipimo aoshe nywele kwa shampuu, asuuze vizuri, asipake mafuta, jeli wala kondishena. Wigi na wivingi vitoke. Rasta za moja moja ndizo zenye kazi, maana mizizi yake imekaa popote na shina lake nene linaisukuma elektrodi. Mtu aliyekaa kwa msusi kutwa nzima akaambiwa azifumue akiwa tayari kitandani ana haki ya kukasirika.

Mistari, au matuta kama wasemavyo Wakenya, si adui hata kidogo. Ikisukwa kwa mpango inasaidia kuliko nywele zilizoachwa wazi, kwa sababu ngozi inaonekana kati ya mstari na mstari. Mwaka 2020 Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa Carnegie Mellon huko Pittsburgh, yeye na wenzake walionyesha elektrodi zenye mabawa yanayojibana chini ya mistari, hivyo msuko wenyewe unazikandamiza kwenye ngozi. Waliziita Sevo, kutokana na neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Lakini hata kwa elektrodi za kikombe za kawaida, wazo la msuko linafaa: mwambie msusi aache njia tano kutoka mbele hadi kisogoni, moja katikati na mbili kila upande. Ule msuko wa haraka wa twende kilioni unatosha kabisa.

Sasa futi kamba, ileile ya fundi cherehani. Mpangilio wa kuweka elektrodi unaotumika duniani, wa asilimia 10 na 20, ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958. Pima kutoka kwenye kibonyeo cha juu ya pua, kati ya macho, hadi kwenye nundu ya kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Asilimia 10 ni sentimita 3.6: weka alama ya Fpz kwenye paji la uso (Fpz na wenzake ni majina ya sehemu za elektrodi). Kutoka hapo songa sentimita 7.2 kwa kila hatua: Fz, Cz, Pz, Oz. Zinabaki 3.6 hadi kwenye nundu. Zisipobaki, rudia. Kisha pima kutoka sikio hadi sikio, ukianzia kwenye kishimo cha mbele ya tundu la sikio (mgonjwa afungue na kufumba kinywa, utakisikia kwa kidole), ukipitia Cz. Cz ni pale mistari hii miwili inapokatana nusu kwa nusu. Mwisho zungusha futi kichwa kizima kupitia Fpz na Oz. Mzunguko ukiwa sentimita 56, Fp1 iko 2.8 kushoto kwa Fpz, na zinazofuata ni 5.6 kila moja. Namba witiri ziko kushoto, shufwa kulia.

Kosa linalodanganya kuliko yote liko hapa. Futi ikipita juu ya msuko mnene upande mmoja, na upande wa pili ikalala kwenye ngozi, nafasi kati ya elektrodi hazitalingana. Elektrodi zilizokaribiana hutoa wimbi la kimo kifupi. Daktari ataona upande mmoja umefifia na kuanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Gawa nywele kwa mkia wa kitana, sugua ngozi kwa kijiti cha pamba chenye jeli ya chembechembe, kiasi cha kuondoa utando tu, si kuchubua. Jaza kikombe pesti ya kupitisha umeme, kandamiza, funika kwa kipande cha shashi. Ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kati ya elektrodi na ngozi, uwe chini ya kiloomu 5. Vikuza-ishara vya kisasa, sehemu ya mashine inayokuza umeme huo mdogo, huvumilia hadi 10. Muhimu zaidi ni elektrodi zote zikaribiane: moja ikiwa 3 na jirani yake 25, umeme wa ukutani wa hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde) utaingia. Ukiuona kwenye chaneli (mistari ya rekodi) zinazoshiriki elektrodi moja tu, itengeneze hiyo. Ukiuona kila mahali, angalia elektrodi ya ardhi na ya rejea, zinazotumiwa na chaneli zote. Kukimbilia kichujio cha hezi 50 ni kufunika chungu kinachoungua.

Pesti ikizidi nayo ni shida. Ikitambaa ikaigusa ya jirani, elektrodi mbili zinakuwa moja na mstari kati yake unalala. Jasho hufanya vivyo hivyo, tena huleta mawimbi mapana ya taratibu yanayopandisha na kushusha ukurasa mzima. Feni na dirisha wazi ni vifaa vya kipimo.

Kabla ya kuanza, mwambie mgonjwa afumbe macho. Mawimbi ya alfa, ya hezi 8 hadi 13, yatokee kisogoni na yapotee akifumbua. Hans Berger wa Jena, aliyeanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha mwaka 1929, aliliona jambo hilohilo, na mwanawe Klaus alikuwa miongoni mwa aliowapima. Yasipotokea, huenda mgonjwa anasinzia au ana wasiwasi, na watu wengine hawana alfa ya kuonekana. Angalia waya kwanza.

Kisha rekodi dakika 20 au zaidi, zikiwamo dakika 3 za kupumua kwa nguvu, ambazo kwa mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa huibua miiba na mawimbi ya hezi 3 waziwazi. Uliza kuhusu selimundu kabla ya hapo. Kupumua hivyo hubana mishipa ya damu ya ubongo, na kwa mwenye selimundu kunaweza kuleta kiharusi. Kwetu swali hilo liwe la kwanza kwenye fomu, kabla ya majina ya dawa anazotumia. Waliopata kiharusi karibuni na wenye ugonjwa mzito wa moyo au mapafu nao wasifanyishwe zoezi hilo la kupumua.

Ukimaliza, lowesha pesti kwa maji ya uvuguvugu na usubiri ilainike. Ukiivuta ikiwa kavu utang'oa nywele, na vikombe vya fedha usivisugue kwa steliwaya, mswaki laini unatosha.