Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Anayefuata Misimbo ya Hitilafu

Saa 1:00 asubuhi. Kabla sijatoka nyumbani ninasoma ujumbe wa wateja, na kwa kila mmoja ninaomba picha ya kioo chenye msimbo, yaani herufi na namba ambazo mashine ya nyumbani huonyesha inapopata hitilafu, pamoja na picha ya kibandiko chenye namba kamili ya modeli. Siwezi kufanya kazi bila namba hiyo, kwa sababu kila mtengenezaji ana lugha yake: maji yanaposhindwa kutoka, mashine ya kufulia ya LG huonyesha OE, ya Samsung huonyesha 5E au 5C, na ya Bosch huonyesha E18. Mteja mmoja ametuma picha ya herufi CL kwenye mashine ya LG, akiwa na hofu kwamba imeharibika. Hiyo ni kufuli ya watoto tu, nami nimemweleza abonyeze na kushikilia kitufe chenye alama hiyo mpaka herufi zitoweke. Nimefurahi kumwokolea gharama ya kumfikia.

Saa 3:00. Mama aliyeniita ana mashine inayotoa msimbo wa maji kutotoka. “Fundi, nimeambiwa pampu imekufa, ninunue nyingine,” ananiambia. Hapa ndipo ninapotaka watu wanielewe: bodi ya elektroniki inayoongoza mashine haiioni pampu. Inaiamuru ifanye kazi, kisha inasubiri kihisi cha kiwango cha maji kiseme kwamba maji yamepungua, na muda ukipita bila jibu hilo inaandika msimbo. Kwa hiyo msimbo unataja kilichokosekana, wala hautaji kilichoharibika. Nilichomoa plagi, nikamwaga maji kupitia mpira mdogo wa chini, nikafungua kichujio na kukuta sarafu mbili na nyuzi za nguo. Nilipoiwasha tena msimbo ulirudi, lakini nilisikia pampu ikinguruma vizuri. Nikaivuta mashine mbele na kuona bomba la kutolea maji limebanwa na ukuta hadi likakunjika. Ilisukumwa nyuma siku ya usafi. Niliponyoosha bomba, maji yalitoka. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Saa 5:00. Friji yenye msimbo wa feni ya friza. Feni yenyewe ni nzima, ila barafu imeizingira kwa sababu mpira wa mlango umechanika na hewa yenye unyevu inaingia mchana na usiku. Mwenye nyumba alikwisha kushika kisu ili aibandue barafu, nami nikamsihi aache, kwa kuwa ncha ikitoboa bomba la gesi ya kupoozea hasara itakuwa kubwa kuliko hitilafu tuliyokuja kuitafuta. Tumeizima na kuacha milango wazi iyeyuke.

Saa 8:00 mchana. Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote: mashine ya kufulia inayodai kwamba maji hayapati moto. Wengi wangebadilisha hita papo hapo. Mimi nilichomoa plagi kisha nikapima: hita ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 inapaswa kuwa na upinzani wa umeme wa takriban omu 26, na hii ilisoma 27, tena haikuvuja umeme kwenye umbo la chuma la mashine. Nikakipima kihisi joto, ambacho upinzani wake hushuka joto linapopanda; nilipokifumbata kiganjani namba zilishuka polepole bila kurukaruka, kwa hiyo nacho ni kizima. Nikarudi kwenye nyaya, na hapo nikaona kiunganishi kimoja cha hita kimelegea na kuungua hadi kuwa cheusi. Kikiwa baridi kilipitisha umeme, na kikishapata moto kiliachia, jambo lililofanya hitilafu itokee katikati ya ufuaji na kupotea kila nilipopima. Nilikata sehemu iliyoungua, nikabana kiunganishi kipya, kisha nikakaa pale hadi maji yalipopata joto. Sipendi kuondoka kwa sababu msimbo umetoweka tu. Ninataka kuiona kazi iliyokuwa imeshindikana ikikamilika mbele yangu.

Saa 11:00 jioni. Kijana anapiga simu akitaka nimwelekeze namna ya kufungua maikrowevu inayoonyesha hitilafu. Nimekataa. Kapasita yake, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, hubeba volti zinazozidi 2,000 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na chaji hiyo inaweza kuua. Nimemwomba aiache mpaka nifike.

Saa 1:00 usiku. Ninaandika daftarini modeli, msimbo na chanzo halisi nilichokikuta. Kwenye ukurasa wa msimbo wa maji kutotoka, pampu zilizokufa kweli ni chache kuliko mabomba yaliyokunjika na vichujio vilivyoziba. Kesho saa 2:00 asubuhi ninarudi kwenye friji kuweka mpira mpya wa mlango.