Barua 31 na mama mmoja wa Kitale

Faili hilo bado ninalo, la plastiki, rangi ya bluu, pembe moja imeungua kwa bomba la moshi. Ndani mna nakala za barua 31 nilizoandika nikiwa na miaka 16, kuomba udhamini wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye matuta ya kuruka. Zote zinaanza vilevile: "Mimi ni kijana mwenye kipaji kikubwa na ndoto ya kuipeperusha bendera ya nchi yetu..." Nikizisoma sasa natamani kuingia chini ya meza.

Waliojibu ni wawili. Wa kwanza alisema watanipigia. Wa pili alikuwa mtu wa kampuni ya kamari, akapiga simu ya mama. Mama akamuuliza kama anajua nina miaka mingapi, kisha akamwambia mwanawe hatakuwa bango la kamari, akakata. Nilinuna siku mbili nzima.

Nimekulia Woodley, Nairobi, si mbali na uwanja wa mbio wa Jamhuri Park. Jumapili ya mashindano, sauti ya injini ilitufikia hadi kwenye kamba za nguo. Mjomba wangu ni fundi wa pikipiki na alikuwa akiitwa pale Jamhuri kufungua kabureta za watoto wa watu, nami nikawa mbeba spana wake. Mteja mmoja aliposhindwa kumlipa, alimwachia Yamaha YZ85 iliyochoka. Mjomba aliifufua, nikaanza kukimbia nayo nikiwa na miaka 12. Miaka minne baadaye magoti yangu yalikuwa yakigonga hendeli kila kona. Nilikuwa nimeizidi. Ikabidi kupanda daraja kutoka injini ya cc 85 hadi ya cc 125, na hapo ndipo pesa ilipoanza kutuumbua.

Wasiojua mchezo huu hudhani gharama ni kununua pikipiki. Hapana. Tuliuza ile 85, mjomba akaongeza, tukapata YZ125 ya mwaka 2008, alumini yote imechubuka lakini injini nzima. Shida ni kuilisha. Ni injini ya kuchanganya oili ndani ya petroli. Sisi tunaweka mililita 125 kwa kila lita 5, na oili yenyewe si ile ya kupimiwa kwa kikopo. Pistoni na ringi tunabadilisha baada ya saa 20 hivi za kukimbia, na mjomba huandika saa hizo ukutani kwa chaki kama deni la duka. Tairi la nyuma huisha meno kabla hujalizoea. Hapo sijataja kiingilio, na pikapu ya jirani ambayo siku za kazi hubeba kabeji. Buti zangu zilikuwa na harufu ya kabeji msimu mzima.

Basi nilimpelekea mjomba moja ya zile barua aniambie kasoro iko wapi. Aliisoma amesimama, mikono ina grisi, akaishika kwa ncha za vidole. "Hii ni barua ya kuomba karo," akasema. "Huyu mtu anapata nini?"

Nikamjibu jina lake litakuwa kwenye pikipiki yangu. Akaniuliza nani ataliona. Nikaanza kuhesabu: wazazi, mafundi, wauza soda. Kampuni kubwa zenye pesa ya michezo ya injini zinafuata kamera, na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kamera ziko Naivasha. Nisingeweza kushindana na magari yale kwa stika ya ukubwa wa sahani.

Mjomba ndiye aliyenielekeza Kirinyaga Road, kwa mzee anayemuuzia vipuri. Duka lake ni jembamba, cheni zimening'inia kutoka darini kama nyama buchani, na ili uzungumze naye unangoja wateja wapungue, jambo ambalo halitokei. Nilisimama saa nzima na faili langu kifuani. Hatimaye akanitazama.

"Wewe ni mtoto wa dada ya fundi?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, sema."

Nikasema yote: kipaji, bendera, ndoto. Alinisikiliza huku akihesabu plagi, akizipanga kumikumi. Nilipomaliza akauliza, "Wateja wangu ni watu wa boda. Wanakujua?"

Sikuwa na jibu. Nilisema asante nikatoka, na niliposhuka kutafuta matatu nilikuwa na hasira, si naye, bali na wanaume wote wa boda waliokuwa wakinipita. Wangenijuaje? Mimi mwenyewe sikuwa namjua hata mmoja wao, ingawa wananipeleka shule kila nikichelewa.

Nilirudi baada ya wiki mbili bila faili. Nilikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Nilimwambia: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitakaa kwenye steji moja ya boda upande wa Ngong Road na mjomba, tutakagua plagi, filta ya hewa na cheni bure. Wakihitaji kununua, watajua pa kununua. Kwa upande wake niliomba oili lita nne na tairi moja la nyuma. Sikutaja pesa taslimu. Akasoma, akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati. "Oili chukua leo. Tairi nitaona."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Nilikwenda nimevaa jezi ya mbio, kinga ya kifua na buti hadi magotini, nikidhani nitavutia watu. Walidhani tunauza bima. Walikuja watatu, na mmoja alitaka tu kuuliza buti bei gani. Mjomba akaniambia mwezi ujao nivae ovaroli.

Mwezi uliofuata nilianza na plagi. Unaifungua, unaipanguza uzi, unamwonyesha mwenyewe ile ncha. Ikiwa nyeusi ya masizi, injini inakunywa petroli kuliko hewa, yaani anachoma pesa yake. Ikiwa na rangi ya biskuti, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe, injini inaungua kwa joto. Hili nilikuwa nalijua hadi usingizini, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na YZ yangu ukiiacha na jeti kubwa (kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta) iliyotoka nayo kiwandani inatoa moshi na kukohoa. Jamaa mmoja mwenye pikipiki ya Boxer alitoa plagi nyeusi kama mkaa. Tukafungua filta yake, likadondoka vumbi lililogandamana na oili, nene kama mkate. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, akapiga hesabu ya petroli aliyoinunua mwaka mzima. Saa nne asubuhi tulikuwa na foleni ya pikipiki 14 na polisi wa trafiki akitaka kujua kuna nini.

Tairi likaja wiki hiyo hiyo.

Stika ndiyo iliyoniharibia usingizi. Niliichapisha mwenyewe kuokoa gharama, jina la duka na namba ya simu kubwa pembeni mwa tangi. Wale wa boda walikuja Jamhuri siku ya mbio, kama ishirini hivi, wakapanga pikipiki kwenye ua na kila nilipopita walipiga honi hadi mwamuzi akawakemea. Geti la kuanzia mbio lilipoanguka nilitoka vizuri, nikaingia kona ya kwanza wa nne, nikamaliza wa tisa baada ya kuanguka mara moja. Lakini nilikuwa na furaha ya kijinga. Walipiga picha za tangi, wakazituma kwa wenzao. Jumatatu mzee akanipigia: "Mbona simu haziji?" Nikatazama picha. Tarakimu moja haikuwa yake.

Niliipiga ile namba. Akapokea mama mmoja, sauti imechoka, yuko Kitale. "Na wewe unataka cheni?" akauliza kabla sijasalimu. Alikuwa amepigiwa simu kumi na moja. Nikamwomba msamaha, nikamweleza, akataka kwanza kujua motokrosi ni nini, kisha akasema sawa, atawapa namba ya mzee wakipiga. Mzee nilimfuata dukani nikamwambia ukweli uso kwa uso. Nilitegemea afute kila kitu. Alicheka hadi akakaa.

Tangu siku hiyo, mwisho wa kila mwezi namtumia ujumbe wa WhatsApp: nimeshika nafasi gani, nimekagua pikipiki ngapi, oili imebaki kiasi gani, risiti zimepigwa picha. Hajawahi kuniomba. Mwenye duka la tairi jirani yake aliuona ule ujumbe kwenye simu yake akataka naye aandikiwe wa namna hiyo, ndivyo nilivyompata mdhamini wa pili. Wa tatu ni mwenye kiosk cha chapati pale steji. Mchango wake ni chapati na simdharau hata kidogo.

Msimu wa pili nilivunjika mtulinga kwa kuruka tuta nikiwa na pupa na mwendo mdogo. Wiki sita bila kugusa pikipiki. Kitandani nilichowaza si mfupa, nilikuwa nawaza kwamba mdhamini wa mtu asiyekimbia anadhamini nini. Jumamosi ya kwanza ilipofika nilikwenda steji mkono umefungwa shingoni, nikawa wa kusoma plagi tu huku mjomba akifungua. Mzee alikuja mwenyewe siku hiyo, mara ya kwanza. Alisimama pembeni nusu saa akala chapati mbili. Mwezi uliofuata oili ilikuwa lita sita.

Sasa nina miaka 19. Oili na matairi silipii, pistoni nalipa nusu. Kiingilio bado ni kibarua changu cha gerejini, na pikapu bado ni ile ya kabeji. Msimu uliopita nilimaliza wa tatu mara mbili. Bado natafuta wa kunisaidia nauli ya kwenda kukimbia Garuga, Uganda, na safari hii karatasi yangu ina ukurasa mmoja tu.

Stika tulichapisha upya zamani. Ila yule mama wa Kitale aliihifadhi namba yangu, na kila Jumapili ya mbio, saa kumi na mbili jioni, ujumbe wake huingia: "Leo umeshika ngapi, na umeanguka?"